Kurusha Ibada Mtandaoni Bila Kuwatawanya Washarika: Mwongozo kwa Baraza la Wazee

Hoja ya kurusha ibada mtandaoni ikifika mezani pa baraza la wazee, mara nyingi huja ikiwa imevaa sura ya bei: kamera ni kiasi gani, bando la mwezi ni kiasi gani, na ni kijana gani wa kwaya anayejua kuendesha kompyuta. Baraza hujadili vifaa saa nzima, mchango hutangazwa, na baada ya Jumapili chache picha huanza kuruka. Miezi sita baadaye wazee wanabaini kwamba viti vya nyuma vina nafasi, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni nani wanaotazama, wako wapi na kwa nini hawaji. Mwongozo huu umeandikwa na mtu aliyekaa katika baraza la namna hiyo, na unaanzia mahali ambapo sisi hatukuanzia, yaani kwenye majina ya watu.

Natumia maneno ya Kilutheri, kama usharika, mtaa na mzee wa kanisa, kwa sababu ndiyo niliyokulia. Msomaji Mkatoliki ataweka parokia na jumuiya ndogondogo, na Mpentekoste ataweka kanisa la nyumbani, na kazi itakuwa ile ile.

Wengi wetu tuliingia katika jambo hili kwa kusukumwa. Mwaka 2020, korona ilipofika, Kenya ilifunga nyumba za ibada mwezi Machi, na zilipofunguliwa Julai masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, muda usiozidi saa moja, na asiwepo mtoto wa chini ya miaka 13 wala mtu wa zaidi ya miaka 58. Sharti hilo la mwisho liliwabakiza nyumbani watu wale wale waliozoea kufika wa kwanza na kufungua milango ya kanisa. Tanzania haikufunga makanisa kwa amri ya serikali, lakini waliokuja walipungua kwa hofu, na sharika za mijini zikaanza kurusha ibada kwa simu iliyofungwa kwenye nguzo. Hofu ikaisha, simu ikabaki kwenye nguzo.

Ibada kusafiri bila waabudu si jambo geni. Tarehe 2 Januari 1921 kituo cha redio cha KDKA, mjini Pittsburgh nchini Marekani, kilirusha ibada kutoka kanisa la Calvary Episcopal la mji huo. Kwa upande wa Afrika, kati ya 1963 na 1977, redio ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani iliyokuwa Addis Ababa ilitangaza kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Wazazi wetu walisikiliza, na Jumapili wakavaa wakaenda kanisani, kwa kuwa redio haikujifanya usharika wao: haikutaja mtaa wao, haikumtaja mchungaji wao, wala haikujua ni nani kafiwa wiki hiyo. Matangazo ya siku hizi yana ugumu wake wa pekee kwa sababu yanatoka kwenye madhabahu ile ile ambapo mtu alibatizwa, kwa sauti ya mchungaji anayemfahamu, akizungukwa na kwaya yenye binamu yake ndani. Mtu akiwa kitandani na simu mkononi ni rahisi sana aamini kwamba amekwenda.

Anzia kwenye orodha

Kabla ya kununua kitu chochote, baraza litenge majuma matatu ya kuhesabu wasiokuwepo. Kila mzee wa kanisa achukue daftari la mtaa wake, apite nyumba kwa nyumba au apige simu, na aandike jina la kila msharika ambaye hajaonekana ibadani kwa mwezi mmoja pamoja na sababu aliyoitoa mwenyewe. Asiandike sababu anayoidhania. Kazi hii inachosha, na mzee atakayesema hana muda wa kuifanya ameshaonyesha jinsi ambavyo mtaa wake utahudumiwa kamera ikishafungwa.

Orodha ikikamilika, majina hujipanga yenyewe. Wapo wagonjwa, wazee wasioweza kupanda daladala, na wale wanaowauguza, ambao mara nyingi husahauliwa kwa kuwa wenyewe ni wazima. Binti anayemlea mama aliyepooza hukosa ibada sawasawa na mama yake. Wapo walio kazini Jumapili: wauguzi, walinzi, madereva, askari, wahudumu wa hoteli. Wapo walio mbali, kuanzia mwanafunzi wa chuo mkoa mwingine hadi wanaofanya kazi Muscat au Dallas. Na wapo ambao wangeweza kuja lakini hawaji. Kundi hili la mwisho nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo ambalo kamera hulikuza bila baraza kutambua.

Kila kundi lina hitaji lake, na si kila hitaji linajibiwa na video. Mlinzi anayetoka lindo saa moja asubuhi anahitaji ibada ya jioni zaidi ya anavyohitaji matangazo ya moja kwa moja. Binti anayeuguza anahitaji mtu wa kukaa na mama kwa saa mbili ili yeye aende kanisani. Umoja wa wanawake unaweza kupanga zamu hiyo bila gharama yoyote. Anayefanya kazi za ndani Oman ana Jumapili ya kazi kama siku nyingine, kwa kuwa mapumziko ya wiki nchini humo ni Ijumaa na Jumamosi. Mkimpa kiungo cha video peke yake mtakuwa mmempa kitu cha kutazama usiku akiwa amechoka. Mwambieni pia kwamba Muscat ina makanisa, katika maeneo ya Ruwi na Ghala, yanayokusanyika siku ya Ijumaa, na mtafutieni Mkristo mwenzake aliye karibu, kisha mwulizeni kama mwajiri wake humruhusu kutoka. Asiporuhusiwa, ndipo simu yake inakuwa kanisa lake kwa muda, na hapo usharika una wajibu mzito kwake kuliko kwa mtu yeyote mwingine anayetazama.

Baada ya kutoa wanaoweza kusaidiwa kwa njia nyingine, majina yanayobaki ndiyo sababu ya kurusha ibada. Sisi tulipofanya zoezi hili kwa kuchelewa, tulibaki na watu wachache mno, wasiolingana na gharama ya kamera tuliyokwisha kununua.

Kinachopita hewani na kisichopita

Baraza, likiongozwa na mchungaji, liamue mapema ni sehemu zipi za ibada zitarushwa, na uamuzi huo uandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Msilete mjadala huu siku ya Pasaka asubuhi.

Neno husafiri. Nyaraka za mitume zenyewe ziliandikwa na mtu aliyekuwa mbali ili zisomwe mbele ya watu waliokusanyika, na Paulo aliwaagiza Wakolosai wabadilishane barua na Walaodikia. Lakini mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohana, aliyekuwa na mengi ya kusema, aliona afadhali asiyamalize kwa karatasi na wino, akangoja afike aseme nao mdomo kwa mdomo ili furaha yao iwe timilifu. Nimeona aya hiyo ya 12 ikisaidia mabaraza kuliko Waebrania 10:25, ambayo kila mtu huinukuu kuwakemea wasiokuja, ingawa agizo la kutoacha kukusanyika limefuatana humo na agizo la kuonyana, yaani kushughulikiana.

Sakramenti ndipo madhehebu yanapoachana. Kanisa Katoliki lilisema wazi katika hati yake ya 2002 kuhusu intaneti kwamba hakuna sakramenti mtandaoni, na barua ya 2020 ya Kardinali Robert Sarah, aliyesimamia mambo ya liturujia Vatikani wakati huo, ikasisitiza kwamba matangazo ya Misa, pamoja na msaada wake kwa wagonjwa, hayawi sawa na kushiriki mwenyewe. Makanisa mengi ya Kipentekoste yaliwaruhusu waumini waandae mkate na kinywaji nyumbani na kushiriki pamoja na kiongozi aliye kwenye skrini. Katika Kilutheri na Kianglikana, fuateni maelekezo ya dayosisi yenu, na mkikuta hayapo, ombeni yatolewe badala ya kila mchungaji kujitungia ya kwake.

Hata hivyo, kuna njia iliyo ya zamani kuliko madhehebu yetu yote. Justin Shahidi, aliyeandika Rumi katikati ya karne ya pili, anaeleza kwamba baada ya Meza mashemasi waliwapelekea sehemu yao wale ambao hawakuwepo. Usharika unaweza kufanya hivyo Jumapili ile ile. Mgonjwa afuate ibada kwa simu hadi maombi ya kanisa, na mchana mchungaji, au yule ambaye kanisa limempa ruhusa hiyo, afike nyumbani kwake na Chakula cha Bwana pamoja na wazee wawili. Kwa mpangilio huo, simu humwandaa na miguu humkamilishia. Pikipiki moja na zamu iliyoandikwa ukutani hutosha kwa nyumba nne au tano kila mwezi.

Sehemu tatu zisirushwe kabisa: maombi yenye majina ya wagonjwa, matangazo yenye mambo ya watu binafsi, na picha za karibu za watoto wa shule ya Jumapili. Hili naliandika kwa uchungu. Katika usharika nilioutumikia, msharika alitajwa pamoja na ugonjwa wake wakati wa maombi, kwa nia njema kabisa, na kabla ya baraka ndugu zake wa mkoani na mwajiri wake walikwisha kusikia. Tuliomba radhi, ulipita mwaka mzima kabla hajarudi. Jina likitajwa ndani ya kuta, hubaki kwa watu waliokuja kumwombea; likirushwa, ni tangazo. Sheria pia zipo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zote mbili huzichukulia taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti. Kwa usharika wa Tanzania, mwulizeni pia mwanasheria wa dayosisi kuhusu kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kabla ya kufungua chaneli.

Sauti kwanza

Mtu huvumilia picha yenye ukungu, lakini hawezi kuvumilia mahubiri yanayosikika kama yako ndani ya pipa. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye sauti. Kosa la kawaida ni kuiacha simu idake sauti ya spika kutoka katikati ya kanisa, ambako mwangwi wa bati, feni na kikohozi huingia vyote pamoja. Toeni waya kwenye mikseri uingie moja kwa moja kwenye simu au kompyuta inayorusha, na wekeni maiki moja ya kudaka waimbaji waliokaa kwenye viti, maana waya wa mikseri peke yake humpa msikilizaji mchungaji na kwaya bila usharika, akaonekana kana kwamba anahubiri kwenye chumba kitupu.

Simu moja nzuri kwenye stendi hutosha kwa picha. Isiwekwe kwenye njia ya katikati, ambako kila anayekwenda kutoa sadaka ataipita akiinama, na isielekezwe dirishani, kwa kuwa mchungaji atageuka kivuli. Iwekwe pembeni, juu kidogo ya vichwa, na ibaki hapo. Kamera inayozunguka kutafuta sura za watu huwafanya waliokuja kusali wajione wako jukwaani.

Kuhusu bando, fanyeni hesabu kwa kalamu. Picha ya ubora wa 720p huhitaji kupandishwa kwa kasi ya takribani megabiti 2.5 kwa sekunde, ambayo ni karibu GB 1.1 kwa saa, hivyo ibada ya saa mbili hula zaidi ya GB 2 upande wenu. Mtazamaji anayepokea ubora huo huo hutumia kiasi kama hicho, na bibi aliyeko kijijini mwenye bando la siku hana uwezo huo. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde haizidi MB 29 kwa saa. Mahubiri ya dakika 25 yakihifadhiwa kwa kilobiti 32 yana uzito wa MB 6 hivi, na hupita kwenye WhatsApp bila shida. Kwa sehemu kubwa ya watu walio kwenye orodha yenu, sauti hiyo ndiyo huduma yenyewe, na kamera ni ziada kwa walio na mtandao mzuri. Mkitumia YouTube, fungueni chaneli na kuomba ruhusa ya kurusha moja kwa moja angalau siku mbili kabla, kwa kuwa ruhusa hiyo huweza kuchukua hadi saa 24. Epukeni kucheza nyimbo za CD kabla ya ibada. Mitambo yao huutambua muziki uliorekodiwa na inaweza kuzima sauti yenu katikati ya sala.

Umeme ukikatika, ibada iendelee na matangazo yasimame. Nimeona ibada ikisimamishwa dakika kumi ili kungoja jenereta kwa ajili ya kamera, wakati watu mia mbili wameketi kimya wakitazamana. Waliokuja wasingojeshwe kwa ajili ya waliobaki.

Wakati wa ibada

Mchungaji awasalimu walio mbali mara moja, mwanzoni, kwa maneno machache, kisha azungumze na waliomo ndani. Kiongozi anayegeukia lenzi kila dakika huwafanya watu wake wawe mapambo ya studio. Picha na sauti huchelewa kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo kiongozi wa liturujia asijaribu kungoja majibu ya walioko nyumbani. Aende kwa mwendo wa usharika, nao watafuata.

Mzee mmoja wa zamu akae na simu ya usharika, ajibu ujumbe wa walioko mbali kwa majina yao na kuandika katika daftari ni nani ameingia. Mtu anayeandika “Bwana Yesu asifiwe” kutoka wodini ajibiwe “Amina” na mtu anayemjua. Mtu akiandika hitaji la maombi hadharani, mzee asilijibu hapo. Ampigie simu baada ya ibada.

Sadaka zitumwe kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, kamwe isiwe namba ya mhazini binafsi, na anayetuma aandike namba ya bahasha yake ili kitabu cha sadaka kisomeke. Tangazeni namba hiyo mahali pamoja tu, kwani matapeli hufungua kurasa zinazofanana na zenu na kuweka namba zao. Washarika waelezwe hili mara kwa mara. Kuhusu mnada, wanaoujua wanajua kwamba ibada haijaisha mpaka kuku na mkungu wa ndizi vimeuzwa pale nje, bei ikipanda kwa vicheko. Kijana wetu mmoja aliyeko masomoni ng'ambo aliwahi kumnunua jogoo kwa simu ya mzee wa zamu, akampandishia mhazini bei mara tatu, kisha akaagiza apewe mjane jirani na kanisa. Sijui kama hiyo ni ibada ya mtandaoni, lakini jogoo alifika.

Kwa anayeshiriki akiwa nyumbani

Mwambie mzee wa mtaa wako kwamba utafuata ukiwa nyumbani na kwa nini, ili ukosekane kwa taarifa. Kuoga, kuvaa na kukaa kwenye kiti kabla ya kengele si mambo ya fahari. Ni namna ya kuuambia mwili kwamba siku imefika. Simama wanaposimama, imba kwa sauti, na uweke simu kwenye meza, mbali na mkono, ukiwa umezima jumbe nyingine. Ukiweza, usiwe peke yako. Mathayo 18:20 inataja wawili au watatu, na jirani asiye na simu kubwa atafurahi kualikwa.

Jambo bora kuliko yote ambalo nimeliona likifanyika ni pale jumuiya inapoipeleka ibada kwa mgonjwa. Watu watano wa ibada ya nyumba kwa nyumba huacha kwenda kanisani Jumapili hiyo, wakaenda kwake na vitabu vya nyimbo, wakaweka simu katikati na kufuata ibada pamoja naye, wakanywa chai, na wiki inayofuata kundi jingine likachukua zamu. Yakobo 5:14 inamwambia mgonjwa awaite wazee wa kanisa; haisemi wamwone kwenye kioo.

Aliyezoea kubaki

Sasa turudi kwa kundi la nne. Baraza hupenda kulishughulikia kwa mahubiri, na mahubiri hayo huwafikia waliokuja tu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawa hufikiwa kwa kwenda, na anayekwenda aende kusikiliza.

Nilipita kwa mama mmoja wa makamo ya mama yangu, ambaye kwa miezi minane alikuwa akitazama kila Jumapili bila kukosa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea kiti. Nikamwambia kwamba usharika unamkumbuka. Akacheka.

“Mnanikumbuka mimi au ahadi yangu ya jengo, mwanangu?”

Kumbe jina lake lilisomwa pamoja na wadaiwa wa ahadi, mbele ya wakwe zake. Tangu siku hiyo simu ikawa kanisa lisilosoma madeni. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kulipeleka neno lake kwenye baraza, na baraza, baada ya ubishi mrefu, likaacha desturi ya kusoma majina. Alirudi kwenye sikukuu ya mavuno akiwa na debe la mahindi kichwani.

Sababu za wengine zilifanana na hiyo kwa namna yake. Mmoja hakuwa na nauli ya watoto wanne, akaona aibu kusema. Mmoja alikuwa amegombana na kiongozi wa kwaya. Vijana kadhaa walisema matangazo ni marefu kuliko mahubiri, na tulipoyapima kwa saa tulikuta wamesema kweli. Mwanamke aliyeachika alichoka kuulizwa mumewe yuko wapi. Hakuna hata mmoja aliyesema anabaki kwa sababu mtandao ni bora. Kila mmoja alikuwa anakimbia kitu kilichoko kanisani, na kamera ilimpa mahali pa kukimbilia bila kuhesabiwa kuwa ameacha imani. Kwa hiyo mzee anayekwenda kumtembelea mtu wa kundi hili aulize swali moja, “Ni nini kilikuumiza?”, kisha anyamaze. Asibebe fomu ya mchango.

Wapo pia waliozoea tu, kwa kuwa kitanda ni kitamu. Hao wapewe kazi: kupokea wageni mlangoni, kupika chai ya watoto, kusoma somo. Mtu mwenye zamu mlangoni hawezi kuitimiza akiwa kitandani, na wenzake watampigia simu kabla ya kengele ya pili.

Kukagua na kupunguza

Kila baada ya miezi mitatu baraza liketi na daftari la mzee wa zamu. Msitumie idadi ya watazamaji inayoonyeshwa na mtambo, kwa sababu anayefungua kwa sekunde chache akapita naye huingizwa kwenye hesabu. Andikeni jina la kila anayefuata, sababu yake, tarehe ya mwisho aliyotembelewa, na jina la aliyemtembelea. Jina lisilo na tarehe ya kutembelewa kwa miezi mitatu lipewe mzee siku hiyo hiyo, kabla ya ajenda nyingine.

Msiache video ya ibada nzima ibaki mtandaoni milele. Ikibaki, Jumapili inakuwa kitu cha kutazama Jumatano jioni wakati wa kupika, na mambo ya watu yaliyoponyoka wakati wa ibada hubaki hapo kwa yeyote kuyatafuta. Sisi huondoa ibada Jumatatu saa sita mchana na kubakiza sauti ya mahubiri. Aliyekuwa zamu ya usiku ana muda wa kutosha kuifuata akiamka, na Jumatatu jioni mzee wa zamu humkabidhi katibu daftari, akiwa amewekea alama majina ya wale ambao hawakuonekana kanisani wala kwenye simu, ili waanze kupigiwa Jumanne asubuhi.